Meza Tatu za Reli Zisizokamilika: Nyumbani, Shuleni, Chuoni au Hotelini?

Chumba ambacho klabu yetu ya reli za mfano imekipanga Makole, hapa Dodoma, kwa miaka sita kimehitajika na mwenyewe, na ifikapo mwisho wa Oktoba funguo zinapaswa kuwa mkononi mwake. Hatuna ugomvi na mama huyo. Tangu mwaka 2016, Serikali ilipotangaza kuhamia Dodoma, chumba kikubwa kilicho karibu na katikati ya mji kina watu wengi wa kukigombea, naye ametuachia kwa kodi ya zamani kwa muda mrefu kuliko tulivyotarajia. Linalotukabili ni jingine: ndani ya chumba hicho mna meza tatu za reli za mfano, hakuna hata moja iliyokamilika, na inatubidi tuamue ziende kwa nani.

Neno “meza” klabuni kwetu halina maana ya samani. Ni jina la mandhari nzima, yaani fremu ya mbao, plaiwudi ya juu, reli na mataruma yake, kokoto ndogo zilizochekechwa, nyaya zinazopita chini, vilima vya jipsamu na nyumba za karatasi ngumu. Meza iliyokamilika haikosi wa kuichukua, kwa sababu mpokeaji huchomeka plagi na treni ikatembea. Meza isiyokamilika humkabidhi mpokeaji kazi, na kazi ile ile kwa mmoja huwa neema na kwa mwingine huwa kero. Nimepewa jukumu la kuandika ulinganisho huu ili wanachama wapige kura wakijua wanachokichagua, na nimejitahidi kuuandika kwa namna ambayo hata mtu aliyeshindwa kumaliza meza yake mwenyewe nyumbani ataweza kuutumia.

Kinachogawiwa

Meza ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, inaonyesha stesheni ya zamani ya Dodoma. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Dodoma mwaka 1910 na Kigoma mwaka 1914, ina upana wa mita moja. Kwa skeli ya 1:87, yaani kila kipimo kikigawanywa kwa 87, upana huo unakuwa milimita 11.5, na reli za dukani zilizo karibu nao ni za milimita 12, aina inayoitwa HOm. Vifaa vya aina hiyo hutengenezwa zaidi kwa ajili ya wapenzi wa reli za milimani za Uswisi, kwa hiyo kila behewa letu la daraja la tatu lilitoka dukani likiwa la Kiswisi, likakatwa, likabandikwa ubavu mpya na kupakwa rangi upya. Meza hii ina vipande vitano vya sentimita 120 kwa 60, vinavyounganishwa kwa boliti na kutimiza urefu wa mita sita. Vipande vitatu vina majengo, mibuyu na udongo mwekundu uliochekechwa kutoka pembezoni mwa barabara ya Kondoa. Viwili vingine vina reli na nyaya tu, juu ya plaiwudi tupu yenye mistari ya penseli.

Ubaya wake uko chini. Mwenzetu aliyefunga nyaya alihamishiwa Mwanza kikazi kabla hajachora mchoro, na kwa kuwa siku aliyokwenda dukani alikuta roli moja tu, nyaya zote ni nyekundu. Jumamosi moja nilijilaza chali chini ya kipande cha pili, tochi mdomoni na mita ya umeme mkononi, mwenzangu akigusa reli kwa juu na mimi nikitafuta ncha ya waya ule ule kwa chini mpaka mita ilie. Nyaya ishirini na tatu zilituchukua saa mbili na nusu, na kila uliopatikana tuliufunga kipande cha plasta chenye namba. Waya wa kumi na saba haukulia popote. Hatimaye tuliukuta umekatika ndani ya ganda lake, pale ulipojipinda kupita kwenye tundu la ubao, ilhali kwa nje ulionekana mzima kabisa. Yeyote atakayeichukua meza hii anachukua na kazi ya namna hiyo mara nne zaidi, kwa kuwa ni kipande kimoja tu kilichokwisha kukaguliwa.

Meza ya pili ilianza kwa shangwe mwaka 2024, baada ya treni za umeme za reli ya kisasa (SGR) kuanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwezi Julai. Upana wa SGR ni milimita 1,435, na ukiugawa kwa 87 unapata 16.49, kwa hiyo reli ya kawaida ya HO, jina la skeli hiyo ya 1:87, yenye milimita 16.5, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wingi kuliko zote duniani, inaifaa bila kubadilisha chochote. Hiyo ndiyo sifa yake kubwa, maana mpokeaji hatakosa vipuri. Makosa yake ni mawili na yote ni yetu. La kwanza, tulijenga juu ya shiti nzima ya plaiwudi, mita 2.44 kwa 1.22, bila kufikiria kona ya ukumbi. Kutoka mle chumbani itabidi ikatwe vipande viwili. La pili, kona zake tulizipinda kwa nusu kipenyo cha sentimita 44, kipimo ambacho kinavumiliwa na mabehewa mafupi. Behewa halisi la mita 25 linakuwa na karibu sentimita 29 kwa skeli hii, na mabehewa mawili ya urefu huo yakiingia kwenye kona yetu husukumana kwa pembe zake na kuruka reli. Zaidi ya hapo, nguzo za umeme ni kumi na mbili tu zilizosimama, hakuna mlima wala jengo, na mfumo wa kidijitali umeunganishwa lakini haujawahi kuendesha treni mbili kwa wakati mmoja.

Meza ya tatu ni ndogo na mimi huipenda kuliko zote, jambo ambalo msomaji alikumbuke anapopima maneno yangu. Inaonyesha Msagali, mahali lilipokuwa likichepuka tawi la kwenda Kongwa wakati wa mradi wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951. Skeli yake ni 1:120 juu ya reli ya milimita 9, ambayo inaikaribia mita moja vya kutosha kwa jicho lisilobeba rula. Ni kipande kimoja cha sentimita 120 kwa 60 ndani ya sanduku lenye mfuniko, na kinabebwa na watu wawili. Reli zimekwisha, umeme ni wa volti 12 wa kawaida usiohitaji kompyuta wala dikoda (kifaa cha ndani ya kichwa cha treni kinachopokea amri za kidijitali), nyaya ni tisa na zina rangi tofauti. Kinachokosekana ni kila kitu kinachoonekana: stesheni, matrekta, magunia, watu, vichaka.

Nyumbani kwa mwanachama, au shuleni

Watu wengi wakisikia habari ya kugawa meza za treni hufikiria shule kwanza, na mimi nilikuwa mmoja wao. Miaka minne iliyopita tulikuwa na meza ya nne, ndogo, na tuliipeleka shule moja ya sekondari, ambayo sitaitaja, kwa sherehe, picha na hotuba. Mwalimu aliyeiomba alihamishwa muhula uliofuata. Tulipokwenda kuitazama baada ya mwaka tuliikuta stoo, imewekewa maboksi ya chaki na mipira iliyotoboka juu yake, mchwa wamepanda kupitia mguu mmoja na kujenga njia yao ya udongo sambamba na reli, kana kwamba nao wana tawi lao. Kidhibiti cha mwendo hakikuwepo na hakuna aliyejua kilipo. Simlaumu mtu yeyote pale. Tuliyempa hakuwa shule bali mwalimu mmoja, na tulipaswa kulijua hilo.

Kwa hiyo shule ipimwe kwa maswali mengine kuliko wema wa nia. Swali la kwanza ni walimu wangapi, na jibu lisipungue wawili, mmoja wa fizikia na mmoja wa somo lolote jingine, ili uhamisho wa mmoja usiwe mwisho wa meza. La pili ni meza itakaa wapi mwezi Novemba, wakati mitihani ya kidato cha nne inapochukua kila chumba chenye kufuli. Kama jibu ni “tutaona”, basi itakaa stoo. La tatu ni wanafunzi watafanya nini juu yake katika mwezi wa kwanza. Hapa kutokamilika kunaweza kuwa faida, kwa sababu mtoto anayejenga stesheni kwa skeli ya 1:120 anaijua skeli kwa vidole, akilazimika kugawa urefu wa mlango wa mita mbili na kupata milimita 17, na baadaye ramani ya jiografia haimtishi. Lakini faida hiyo ipo pale tu ambapo kazi iliyobaki ni ya mkasi, gundi na rangi. Ukiwapa wanafunzi meza ambayo nyaya zake zote ni nyekundu na hakuna mchoro, umewapa fumbo ambalo hata sisi watu wazima lilitutoa jasho.

Nyumbani kwa mwanachama hali ni kinyume chake karibu katika kila kipengele. Mikono ipo, ujuzi upo, na hakuna muhula wala likizo. Mzee wetu mmoja, mstaafu wa reli anayeishi mtaa wa Kikuyu hapa Dodoma, ameiomba meza ya kwanza, na ombi lake lina uzito ambao maombi mengine hayana. Siku ya kwanza alipoingia klabuni aliinama mbele ya kipande cha tatu, akatazama bila kusema kitu, kisha akaniuliza, “Mwanangu, hii ishara inamwonyesha nani?” Nikamjibu kwamba inamwonyesha dereva. “Dereva anatoka huku,” akasema, akionyesha kwa kidole, “na wewe umempa mgongo wa ishara. Huyu angepita bila kujua kama njia ni yake.” Ishara ilikuwa imekaa hivyo miaka miwili, na wageni wengi walikuwa wameipiga picha.

Udhaifu wa nyumbani ni nafasi na urithi. Baraza la Mzee limezungushiwa ukuta na lina urefu wa mita nne, kwa hiyo vipande vitatu tu kati ya vitano vinaweza kusimama kwa pamoja, na viwili vitabaki vimeegemezwa ukutani. Kuhusu urithi, inabidi tuseme wazi, kwa heshima zote, kwamba mali iliyo nyumbani kwa mtu huhesabiwa kuwa ya mtu huyo, na siku asipokuwepo, watoto wake hawatajua kama behewa lile dogo ni kitu cha thamani au ni mdoli. Hati ya makabidhiano inaweza kuliondoa tatizo hili ikiandikwa vizuri, na Mzee mwenyewe ndiye aliyependekeza kwamba mwanawe wa kwanza atie saini kama shahidi. Shule haina tatizo la urithi, ila ina tatizo la kutokuwa na mwenyewe, na nikilazimishwa kuchagua kati ya mambo hayo mawili nitachagua kitu chenye mwenyewe.

Chuo cha ufundi, au hoteli

Chuo cha ufundi stadi hatukukifikiria mpaka fundi mmoja anayefundisha umeme wa majumbani alipokuja kumtembelea ndugu yake na kukuta tunabishana kuhusu kukata ile shiti ya plaiwudi. Kwake meza ya pili haikuwa na kasoro hata moja. Kukata ubao mkubwa na kuufanya vipande viwili vinavyoungana kwa boliti bila reli kupishana hata nusu milimita ni somo la useremala la wiki mbili. Kuzivuta nyaya kuu mbili chini ya meza, moja nyekundu na moja nyeusi, kisha kulehemu nyaya nyembamba kutoka kila kipande cha reli hadi kwenye nyaya hizo kuu, ni somo la umeme ambalo likikosewa treni inasimama na hakuna anayeungua. Hata kona zetu zilizopindwa vibaya zinang’olewa na kuwekwa upya kwa kipimo kikubwa zaidi, maana reli za mita 2.44 bado hazijamwagiwa kokoto wala gundi. Vitu vyote ambavyo sisi tulivihesabu kuwa ni upungufu, yeye alivihesabu kuwa ni mazoezi.

Chuo nacho kina lake. Kitaimaliza meza kwa chini, na sidhani kama kitaimaliza kwa juu. Kundi moja litafunga nyaya, kundi litakalofuata litazifungua ili lifunge na lenyewe, na sijui mwanafunzi wa umeme ambaye atakaa mchana mzima akipaka rangi mlango wa stesheni. Anayeota kuiona SGR yetu ikiwa na miamba ya Dodoma, mashamba ya mizabibu na treni ikikatiza katikati asiipeleke huko. Mwenzetu mmoja alipendekeza tuende mbali zaidi, chuo cha reli kilichopo Tabora, ambako meza ingetumika kufundishia ishara na mpishano wa treni kwenye njia moja. Wazo ni zuri na kwa meza mpya ningeliunga mkono, lakini kusafirisha vipande ambavyo viungo vyake bado havijakauka ni kuvivunja kwa nauli.

Hoteli ndiyo iliyotupa ofa ya fedha, na kwa sababu hiyo inastahili kujadiliwa bila haraka ya kuikataa. Inataka vipande vitatu vilivyopambwa vya meza ya kwanza, iviweke ukumbini chini ya kioo, treni izunguke tangu asubuhi hadi usiku, na kazi yote iwe imekwisha kabla ya Krismasi. Kiasi walichotaja kingetosha kulipa kodi ya chumba kidogo kwa miezi kadhaa, na mweka hazina wetu ana haki ya kukitazama mara mbili. Hata hivyo yako mambo matatu. Kichwa cha treni cha skeli hii kina mota ndogo kuliko kidole gumba, yenye brashi za kaboni zinazolika, na hakikutengenezwa kwa ajili ya saa kumi na tano za kuzunguka kila siku. Reli zinahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti mara kwa mara, na katika mazungumzo yetu yote hakutajwa mtu hata mmoja ambaye kazi hiyo itakuwa yake. Jambo la tatu ndilo linalonisumbua zaidi: stesheni itatenganishwa na vipande viwili vilivyobaki, ambavyo peke yake havina maana kwa mtu yeyote, na haraka ya Desemba itajaza nyasi za plastiki na miti ya dukani mahali tulipokuwa tumepanga kuweka mibuyu. Hoteli haihitaji meza isiyokamilika. Inahitaji pambo, na pambo linaweza kuagizwa.

Ukiviweka pamoja, chuo kinaitaka meza kwa sababu haijaisha, na hoteli inaitaka licha ya kwamba haijaisha. Mpokeaji wa aina ya pili, katika uzoefu wangu mdogo, huanza kulalamika mwezi wa pili.

Vumbi, jua na mchwa

Makao yoyote yatakayochaguliwa, hali ya hewa ya Dodoma itakuwa mpangaji mwenza. Ukavu wetu una faida, maana reli hazishiki kutu na karatasi hazioti ukungu kama zingefanya pwani, lakini pepo za kiangazi huingiza vumbi laini kwenye kila tundu, na vumbi hilo likikaa kati ya gurudumu na reli hukata umeme. Sanduku lenye mfuniko la meza ya tatu ni kinga kubwa kuliko chumba chochote chenye madirisha ya vioo.

Jua linahitaji hesabu. Chini ya bati lisilo na dari, tofauti kati ya alfajiri na saa nane mchana inaweza kufika nyuzi 25, na reli ya mita moja, kwa madini yanayotumika kwenye reli za mfano, hurefuka kwa karibu milimita 0.4 kwa tofauti hiyo. Kwenye meza ya mita sita hizo ni milimita mbili na nusu, ambazo zisipoachiwa nafasi hupindisha reli kama nyoka. Kila kiungo cha mita kiachiwe mwanya wa unene wa kadi ya mwaliko. Katika meza zetu mwanya huo upo kwenye ya kwanza na ya tatu. Kwenye ya pili tulibana mno, na chuo kiambiwe hivyo mapema. Kwa upande huu, baraza la Mzee, ambalo lina dari na kivuli cha mwarobaini, linashinda karakana ya chuo, na linashinda kwa mbali madarasa mengi ninayoyafahamu.

Kuhusu mchwa sina jipya: kila mguu usimame ndani ya kopo lenye mafuta machafu ya gari, na meza isiguse ukuta.

Kuvunja, na kuuza kilicho na bei

Wapo wanaosema tuvunje zote, na hawako mbali na ukweli kwa upande wa fedha. Meza isiyokamilika ikiuzwa ikiwa nzima hupata bei ndogo kuliko gharama ya reli zilizopigiliwa juu yake, kwa sababu mnunuzi analipia pia kazi ya kuisafirisha na ya kuyajua makosa ya mwingine. Vitu vyenye bei ya kweli ni vichwa vya treni, mabehewa, pointi (vipande vya reli vinavyoigawa njia mbili), dikoda na kidhibiti cha kidijitali, na vyote hivyo vinaingia kwenye boksi moja la viatu au mawili. Reli iliyogandishwa kwa gundi nyeupe ya mbao inaweza kuokolewa, kwani ukiimwagia maji ya uvuguvugu na kusubiri nusu saa inainuka kwa kisu cha putty bila kuvunja mataruma. Waya mwekundu usiojulikana uendako hauna bei kabisa.

Ningekubali kuvunja kitu kimoja tu, nacho ni kipande cha tano cha meza ya kwanza. Plaiwudi yake ilinyeshewa bati lilipovuja, ikajikunja katikati kwa kimo cha kidole, na hakuna skrubu itakayoinyoosha. Pointi zake mbili zing’olewe na kumwendea Mzee, na kwa kufanya hivyo meza inabaki na vipande vinne, vitatu vikisimama na kimoja kila siku kikisubiri zamu, jambo linalopunguza tatizo la mita nne za baraza lake.

Kabla ya yote hayo, kila mwanachama aje kuchukua vyake. Karibu nusu ya mabehewa yaliyomo kabatini ni ya mtu binafsi yaliyoazimwa klabu kwa neno la mdomo, na kugawa mali ya mwenzio kwa moyo mkunjufu ni ugomvi ambao hatuuhitaji. Vilevile ile transfoma ya volti 120 iliyotoka Marekani isimfuate mpokeaji yeyote. Umeme wetu ni volti 230, na mtu asiyejua ataichomeka kwa adapta ya kubadilisha miguu ya plagi akidhani amebadilisha na umeme.

Ninachopendekeza

Meza ya pili iende chuo cha ufundi, ikatwe na wanafunzi wenyewe hapa hapa Makole chini ya usimamizi wa mwalimu wao, kwa kuwa ni lazima ikatwe kabla ya kutoka na somo linaweza kuanzia mlangoni. Kidhibiti cha kidijitali kibaki kwa mweka hazina hadi Januari, kikabidhiwe tu baada ya meza kuungana tena na kukaguliwa, maana kina nguvu ya amperi kadhaa na nyaya zilizogusana vibaya huyeyusha plastiki kabla mtu hajanusa moshi.

Meza ya kwanza, bila kipande cha tano, iende kwa Mzee kwa hati ya makabidhiano yenye orodha, saini ya mwanawe, na kifungu kinachosema kwamba akichoka au asipokuwepo meza irudi kwa wanachama watatu watakaotajwa kwa majina. Ofa ya hoteli ijibiwe kwa barua ya shukrani. Najua mweka hazina hatalifurahia hilo, na anaweza kuwa na hoja nzuri kuliko zangu siku ya kikao.

Meza ya tatu imenipa shida kwa sababu niliyoitaja. Mkono wangu ulitaka kuandika “nyumbani kwangu”. Nikijibu maswali niliyowawekea wengine, nina nafasi, nina kivuli, na sina muda; imekaa klabuni miaka mitatu ikiwa karibu nami na sijawahi kujenga hata choo cha stesheni. Shule moja ya Kongwa imeleta majina ya walimu wawili, na walipoulizwa kuhusu Novemba walijibu kwamba sanduku litalala juu ya kabati la maktaba, wakapima kabati, wakaleta vipimo. Kongwa watoto wanayasikia majina ya mashamba ya karanga kwa babu zao, hivyo picha za kujengea majengo hazitakosekana. Iende huko.

Usafiri uwe wa Canter moja kwa safari mbili. Vipande vya meza ya kwanza vifungwe viwili viwili, uso kwa uso, vikitenganishwa na mbao za sentimita 40 kwenye ncha zote mbili ili mibuyu isigusane. Tulipozibeba zikiwa zimelala chali kwenda maonyesho mwaka juzi, tuta moja tu la barabarani lilitosha kuangusha paa la stesheni. Mchoro wa nyaya, pale ulipo, usiwekwe kwenye bahasha. Ubandikwe chini ya ubao wenyewe kwa skrubu nne, kwa kuwa bahasha hupotea na ubao haupotei.

Mzee amekwisha kuliondoa kabati la vyombo barazani. Juzi alinipigia simu kuuliza kama waya wa kumi na saba umebadilishwa, nikamwambia bado.